Kupewa Sio Kumeza

Kuna swali moja kwa ile fomu limenikosesha amani kuliko mwanaume yeyote. Linauliza hivi: mkaazi amepewa antibayotiki tangu tathmini iliyopita? Ndio ama La. Kando yake kuna visanduku viwili, vidogo hata kiroboto hawezi kujinyoosha ndani, na hapo ndipo unatakiwa utie alama kwa kalamu ya biki na uende kwa mzee mwingine.

Mimi ndiye nilikuwa najaza hizo fomu. Sio ati nimesomea. Cheti sina, wacha niseme mapema kabla mtu hajaniuliza. Niliingia hiyo nyumba ya wazee, huku juu upande wa Kibirichia, kufua shuka. Lakini mdomo wangu haukai ndani ya beseni, na mwandiko wangu unasomeka, kwa hivyo sista akanitoa kwa shuka akaniweka kwa wazee. Sista ndiye alikuwa nesi wa pekee pale, na wazee walikuwa wengi kuliko mikono yake. Mengine nilijifunza mwenyewe. Zile karatasi nyembamba zinazokuja zimekunjwa ndani ya boksi la dawa, watu hutupa, mimi nilikuwa nasoma mpaka mwisho. Nilikuwa naangalia video kwa simu saa ya chai, namna ya kugeuza mtu kitandani bila kumuumiza, namna ya kuosha kidonda. Na nilikuwa namuuliza sista maswali mpaka ananiambia, "Wewe, hebu pumua kwanza."

Tathmini ni kukaa na mzee na kuandika habari yake yote. Anakula aje, analala aje, anaenda choo mwenyewe ama anashikwa, ngozi yake iko aje, anakunywa dawa gani na kwa nini. Daktari haishi pale. Anakuja, anapita kitanda kwa kitanda, anasoma fomu, anaangalia mzee kidogo, anaamua. Kwa hivyo kile umeandika, kwa daktari huyo ndiye mzee mwenyewe. Ukikosea kalamu, umekosea mtu. Hiyo kitu ilikuwa inanichoma kila siku, na hakuna mwenye alitaka kuisikia.

Sasa, Shosho.

Shosho, ndivyo tulimuita huyo nyanya, alitoka Ishiara, kule chini kwa joto, mahali ndengu zinakauka zenyewe na mbuzi anajua kivuli kuliko wewe. Kijana wake anafanya kazi Meru mjini, yeye na bibi yake wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na Shosho alikuwa na sukari na kidonda kwenye mguu hakitaki kufunga. Ndio akaletwa kwetu. Baridi ya huku ilimkasirisha kama mtu aliyeibiwa. Alivaa sweta mbili, ya juu ilikuwa ya huyo kijana, kubwa, mikono yake inafunika mpaka vidole. "Huku kwenu," akaniambia, "ng'ombe hukamuliwa barafu."

Nikamwambia, "Sio kwetu, Shosho. Mimi ni wa Embu."

Akageuka mzima. Pale ndani kila mtu alikuwa anaongea Kimeru, wazee, mpishi, hadi paka. Mimi na yeye peke yetu ndio tulikuwa na Kiembu changu na Kimbeere chake, lugha mbili kama ndugu wa nyumba moja, zinagombana lakini zinakula sufuria moja. Akaniuliza jina langu la nyumbani. Nikamwambia. Akanyoosha mkono, vidole vikatoka kwa hiyo sweta, akanishika kidevu. Hilo ni jina la mama yake.

Kwetu hiyo sio mchezo. Mwenye jina la mama yako ni mama yako, hata kama bado anaota chunusi. Tangu hiyo siku Shosho akawa ananiita Mama. Mbele ya watu wote. "Mama, nimekula yote, uliza mpishi." "Mama, usinichape, nitaoga, wacha jua litoke." Wazee wengine walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa namkaripia kama mtoto wangu, lakini nawaambia ukweli, mtu akikuita hivyo, unakuwa hivyo. Mtu angemgusa huyo mwanamke vibaya, tungejuana.

Kidonda kilikuwa juu ya kifundo cha mguu. Kilianza na kiatu tu. Daktari alipokuja akaandika antibayotiki, kapsuli za rangi mbili, nyeupe na buluu, asubuhi na jioni. Nilizitoa kwa mkono wangu. Naweka kwa kiganja chake, anarusha mdomoni, anakunywa maji, anasema "aah" kama mtu wa pombe, ananiangalia: "Umeridhika, Mama?" Na mimi naenda naandika: amepewa. Tathmini ikafika, nikaweka alama kwa Ndio, sababu ya dawa nikaandika kidonda, nikaweka sahihi.

Daktari akarudi. Akafungua bendeji, uso wake ukafunga.

"Amepewa dawa?"

"Amepewa."

"Yote?"

"Yote. Na mkono wangu."

"Basi hii dawa imeshindwa na wadudu." Akakata, akaandika ingine, kali zaidi. Hiyo pia ikatolewa, ikaandikwa, Ndio, sababu kidonda, sahihi. Na kidonda kikakaa vile vile, kinatoa maji, kinanuka. Daktari aliporudi mara hiyo ingine hakukasirika, na hapo ndipo niliogopa. Aliongea na sista polepole. "Nitampatia hii ya mwisho. Tukikutana tena na iko hivi, anaenda hospitali kubwa. Na huko unajua watasema nini." Halafu akapitisha ubavu wa mkono wake kwenye suruali yake, hapa chini ya goti.

Alidhani Shosho haangalii.

"Daktari," Shosho akasema, "huo mguu unakata ni wako ama ni wangu?"

"Shosho, bado hatujafika huko."

"Huu mguu umeniteremsha mlima wa Kiang'ombe na kuni mgongoni na mtoto tumboni. Haujawahi kuniangusha. Wewe unauangalia mara moja unaona ni wa kutupa?"

Daktari akacheka kidogo kwa aibu, akashika kitanda kingine. Mimi nilibaki nimesimama na hiyo fomu kifuani. Ndio, Ndio. Nimeandika vizuri mpaka mguu wa mtu unakatwa.

Jioni hiyo msimamizi akaniita ofisini. Yeye ni mwanamke wa faili. Faili zake zimepangwa kama wanajeshi. Hakunikaribisha kiti.

"Una hakika hizo dawa unampatia?"

"Unasema?"

"Nauliza tu. Kwa nyumba kama hizi dawa hupotea. Sio wewe ninasema."

"Kama sio mimi unasema, mbona mimi ndiye umeita?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Unafikiri naenda kuzikaanga na vitunguu? Mimi ndiye namuosha huo mguu. Wewe ulimuosha lini?"

Niligeuka vibaya nikaangusha kikapu chake cha karatasi, na sikukiokota. Sista alinivuta nje kwa kola kama paka. Kule kwa kamba za nguo akaniambia, "Funga mdomo. Ukifukuzwa, kesho nani atamvua viatu?" Hiyo ndiyo kitu peke yake ingeninyamazisha, na alijua.

Lakini kunyamaza sio kukubali. Nikafikiria: kama mimi natoa, na Shosho anakunywa, na kidonda hakisikii, basi dawa yenyewe ni bandia. Si tunaona kwa simu kila siku watu wameshikwa na dawa za unga? Siku yangu ya kupumzika nikachukua boksi tupu, nikashuka Meru mjini, nikaenda kwa yule kemisti wa karibu na soko la Gakoromone mahali nyumba yetu hununua dawa. Nje kuna mama amepanga kabichi, ndani kuna kijana wa koti jeupe anapanga sabuni.

"Hii dawa yenu ni unga wa chapati!"

"Dada, salamu kwanza."

"Salamu ni ya mtu mwenye miguu miwili. Shosho wangu anataka kubaki na mmoja kwa ajili yenu!"

Akachukua boksi, akaliangalia kwa mwanga, akasoma namba, akatoa lingine kama hilo kwa rafu akaweka yote mawili mbele yangu. "Linganisha. Hii ni dawa, dada. Nimeuzia watu kibao wamepona, na hakuna hata mmoja alirudi kusema asante. Wewe ndio wa kwanza kurudi, na umerudi na matusi."

Mama wa kabichi akacheka huko nje. "Mwambie! Na wewe msichana, toa mkono kwa kabichi yangu kama hununui."

"Mimi sijamaliza na yeye!"

"Maliza basi," kijana akasema. "Mimi nauza. Kumeza ni huko kwenu."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuandika hapa, mama yangu anasoma. Nikarudi Kibirichia na hasira yote niliyotoka nayo na ingine juu yake. Nilikuwa nimegombana na daktari kwa roho, na msimamizi kwa mdomo, na kemisti mbele ya kabichi, na hakuna mahali popote mguu wa Shosho ulikuwa umepona hata kidogo.

Jumapili baada ya kanisa ilikuwa siku ya wageni. Yule kijana wa Shosho, wa Meru mjini, alikuwa anapita mara moja moja, amesimama, funguo mkononi. Mwenye alikuwa haachi ni dada yake, binti ya Shosho, wa huko Ishiara. Alikuwa anatoka kwa joto akiwa amevaa leso nyepesi, anafika kwetu meno yanagongana, na kiondo, kile kikapu cha kusukwa, mgongoni, kamba kwa paji la uso kama wanawake wa zamani. Ndani kuna ndengu, kuna unga wa mawele, kuna maembe kama ni msimu. Na kwa sababu mimi ni mama wa mama yake, yeye, mwanamke wa kunizaa, alikuwa ananiita nyanya yake. "Cucu, habari ya baridi?" Nilikuwa napenda hiyo kitu kufa.

Sasa wacha nieleze habari ya kiondo, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa. Kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Mtu amekuletea kitu, unatoa vyake, halafu unaangalia nyumbani kwako unaweka chako. Yai moja, ndizi, mkono wa mboga, hata kijiko cha chumvi kama ndio iko. Kurudisha kiondo kitupu ni kumwambia mtu, usirudi, kwangu kumeisha. Mimi nimekulia ndani ya hiyo desturi. Nimetumwa na viondo mpaka nikachukia. Na bado, kila Jumapili niliona kile kiondo kinamwagwa kitandani, Shosho ananituma, "Mama, hebu niletee maji," narudi kiondo kimefunikwa na leso tayari kwenda, na hata siku moja sikujiuliza mwanamke asiye na shamba, asiye na kuku, asiye na chungu, anaweka nini.

Jumapili hiyo nilimsindikiza binti mpaka geti. Akanishika mikono yote miwili.

"Cucu, Mungu akubariki kwa ile dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kitinda mimba wangu. Ya kifua. Si mama alisema nyinyi ndio mnatuma? Anakunywa, kinapoa, kikirudi mama anatuma ingine. Kama sio nyinyi huyo mtoto tungekuwa tunaongea mengine."

Akaingiza mkono kwa kiondo, akatoa kitambaa kimefungwa fundo, akafungua anionyeshe vile amezitunza vizuri. Ndani kulikuwa kapsuli. Nilizijua kama unavyojua nguo zenu kwa kamba ya jirani.

Watu wananijua mimi. Mimi huwa na la kusema hata kwa matanga. Hapo kwa geti nikabaki kuzihesabu kapsuli kwa kidole. Nilikuwa naangalia hicho kitambaa na nasikia yule mpuuzi wa koti jeupe: kumeza ni huko kwenu.

"Cucu? Kwani ni mbaya?"

"Hizi ni za mguu wa mama yako."

Alikaa chini kwa lile jiwe la kuzuia geti. Hakuwa anajua. Naapa hakuwa anajua, na mtu yeyote akisema alijua aje tuongee. Alilia na leso mdomoni ili mama yake asisikie kutoka dirishani. Nikamwambia hizo za mtu mzima asimpe mtoto tena hata nusu, ampeleke dispensari kesho yake apimwe hicho kifua. Nikachukua kitambaa na yote. Akajitwika kamba kwa paji la uso, akaenda. Na kiondo kikarudi Ishiara kitupu, na mimi ndiye nilitoa kilichokuwa ndani.

Nikaingia kwa Shosho nikiwa nawaka.

"Toa mkono."

"Mama, kuna nini?"

"Toa mkono kwa sweta nione!"

Hakutoa. Aliangalia hiyo kitambaa kwa mkono wangu, halafu akainua kidevu. Huyo mwanamke hakujua kuinamisha kichwa. "Moja nakunywa," akasema. "Ya asubuhi nakunywa. Ya jioni ni ya mtoto. Ile unaona narusha mdomoni inaingia kwa sweta. Wewe huangalia mdomo, huangalii mkono."

"Na mguu? Wanataka kukata mguu wako, Shosho!"

"Mtoto anakohoa mpaka anatapika. Mimi nimemaliza safari zangu. Yeye hajaanza."

"Si ungeniambia? Tungetafuta dawa ya mtoto!"

"Nikuambie uandike?" Akachekea puani. "Sikiliza, Mama. Hiki kitanda ni cha nyumba. Hii blanketi imeandikwa jina la nyumba. Hata kikombe nikikiweka vibaya mpishi anasema kikombe changu. Ni kitu gani wewe huwa unaniwekea kwa mkono ukisema, hii ni yako, Shosho?"

Nilikuwa najua.

"Ni yangu, si ndio? Basi ningeweka nini kwa kiondo cha mtoto wangu? Blanketi?"

Halafu sauti yake ikashuka. "Usimwambie sista. Watakataza mtoto wangu kuja. Apa, Mama."

Sikuapa. Nilisimama hapo na kitambaa, na nilitaka kumpiga mtu, na hakukuwa na mtu. Angalia vile nilikuwa nimebanwa. Tathmini ilikuwa inakuja, na daktari nyuma yake. Nikiandika Ndio kama kawaida, daktari anasoma dawa imeshindwa tena, na mguu unaenda. Nikiandika La, ni uongo mwingine, maana nilimpatia. Hakuna kisanduku cha mtu amepewa akagawana. Aliyetengeneza hiyo fomu labda hajawahi kutumwa na kiondo maishani.

Asubuhi nikamwambia sista. Nilichagua mguu. Sitaki mtu aniambie ningefanya aje.

Sista hakupiga kelele. Alikaa kwa ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. "Na hata mimi nimempatia mwenyewe siku zako za kupumzika," akasema. "Nikamuona anameza. Ningeapa mahakamani." Akavuta fomu. "Weka Ndio. Halafu hapa kando, andika kwa mkono: alipewa, hakumeza yote. Andika kubwa."

Nikaandika kubwa mpaka ikaingia kwa swali la meno.

Daktari alisoma, akarudia kusoma, akatoa miwani. "Yaani muda huu wote napigana na wadudu wenye wanapewa nusu ya kiboko? Kwa nini hamkuniambia?"

"Fomu haikuuliza," nikasema.

Sista akanikanyaga. Lakini daktari hakubishana. Akafuta ile safari ya hospitali kubwa kwa sasa, akarudisha dawa, akasema itolewe mbele ya macho na mdomo uangaliwe, na mikono ya sweta ikunjwe. "Tuone kwanza kama mwili utasikia ukipewa dawa yote," akasema. "Simuahidi mtu."

Hapo ningefurahi, na nilikuwa nimeanza kufurahi. Halafu msimamizi akatoa amri. Kutoka siku hiyo mizigo ya wageni inaachwa getini. Hakuna kuingia na kiondo, hakuna kutoka na kitu. Kwa wote. Akaibandika kwa mlango, imechapishwa, na muhuri.

Nilienda ofisini. Nilibisha hodi, andikeni hiyo, nilibisha kwanza.

"Unawaadhibu wote kwa sababu ya nini? Huyo mwanamke hakuiba!"

"Dawa zimetoka nje ya nyumba hii. Mtoto wa watu angeumia. Angekufa ungesema nini?"

Na kitu kibaya ni kwamba hapo alikuwa na haki. Sipendi kusema, lakini alikuwa nayo. "Basi angalia mzigo," nikasema. "Fungua, pekua, weka askari. Lakini usikatae kiondo. Hujui unakataa nini."

"Mimi ni wa Meru," akasema bila kuinua macho. "Najua kiondo. Enda kazini."

Jumapili binti alifika, kiondo kikabaki getini kwa askari pamoja na ndengu zake. Aliingia mikono mitupu, akakaa kwa ncha ya kitanda kama mtu wa kesi. Alipotaka kuenda, Shosho hakuniambia nilete maji. Nilipoleta dawa, akameza, akafungua mdomo wazi, akainua ulimi, akakunja sweta, mkono mmoja, mwingine, yote bila kuambiwa.

"Umeridhika, msichana wa kazi?"

Msichana wa kazi. Nimetukanwa na walevi, nimetukanwa na mzee mmoja hapo ndani ambaye matusi yake yana beti. Hakuna iliwahi kuingia kama hiyo. Na ikaendelea hivyo. Asubuhi mdomo wazi, ulimi juu, msichana wa kazi. Jioni vile vile. Mguu nao, huku chini ambapo hakuna mtu alikuwa anaongea na mwenzake, ukaanza kukauka. Polepole sana. Kwanza harufu iliisha. Halafu kingo zikawa za rangi ya nyama. Nilikuwa namuambia, "Shosho, angalia, kinafunga," na yeye anaangalia dirisha.

Nyuma ya jikoni mpishi alikuwa na kipande cha shamba la waru, viazi vya huku kwa baridi. Siku ya kuchimba nikamfuata huko.

"Nipe mstari mmoja."

"Wa nini? Chakula si unapata?"

"Wa Shosho. Wake. Sio wa nyumba."

Mpishi akanipima kutoka viatu mpaka kichwa. Alikuwa amesikia yote, ukuta wa jikoni ni mbao. "Chukua ule wa mwisho," akasema. "Fuko ashakula nusu. Lakini huko kwa msimamizi nenda mwenyewe, mimi na kelele zako hatujuani."

Nilienda. Safari hii sikupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimshtua msimamizi. Nilimwambia: waru kwa kiondo, sista aangalie kikiingia, sista aangalie kikitoka. Alipanga kalamu zake. Akazipanga tena. "Sista mwenyewe," akasema. "Sio wewe." Ile karatasi ya mlangoni hakuitoa mpaka leo, ati ni ya wakaguzi, lakini askari aliacha kuifuata.

Nilimpeleka Shosho kwa kiti cha magurudumu mpaka nyuma ya jikoni, nikachukua jembe, nikamuonyesha. "Huu mstari ni wako."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Alitazama udongo. Huko Ishiara waru hazikubali, joto linazimaliza. Mtu akitoka huku juu na waru amefika na kitu. Hakusema asante. Alisema, "Hilo jembe unashika kama mwalimu," akataka apewe panga, akateremka kwa kiti kabla sijamshika, akakaa kwa mchanga na mguu wake wa bendeji umenyooshwa mbele, akaanza kufukua na mikono. Zile zimeliwa na fuko akazitupa kwangu moja moja na maoni yake.

Jumapili kiondo kikaingia. Sista akapekua ndengu mpaka chini, akasema sawa. Binti akaniita Cucu kwa sauti ndogo na akaniambia mtoto alipelekwa, akapewa dawa yake mwenyewe, ya kwake ya maji, ya kipimo chake, na amerudi shule. Halafu Shosho akaomba kiondo. Alivuta gunia la waru zake kutoka chini ya kitanda, akaanza kuweka. Alipanga kubwa chini, ndogo juu. Binti akasema, "Mama, zinatosha, nitabeba aje?" Shosho hakumsikia. Aliongeza mpaka kamba ikalia.

Mimi nilikuwa nimesimama kwa mlango na tathmini yake mkononi, kwa sababu ilikuwa imefika wakati tena, na lile swali lilikuwa pale pale na visanduku vyake viwili. Nilikuwa nimeweka Ndio. Nilikuwa nimeandika kando, amemeza, nikijua kesho msimamizi ataniambia nisichafue fomu.

Shosho akafunika waru na leso. Akashika ukingo wa kitanda, akasimama kwa miguu yote miwili, akaona biki mkononi mwangu.

"Mama," akasema, "hizi usiandike."